Swali la Msaidizi wa Tafsiri: Ngidi, Colenso na Mgongano wa Imani katika Natal, 1855-1883

Mwaka 1862 vilitokea vitabu viwili vyenye chimbuko moja, ingawa wasomaji wa kimoja kwa kawaida hawana habari na wasomaji wa kingine. Cha kwanza ni sehemu ya mwanzo ya sarufi linganishi ya lugha za Afrika ya Kusini, kazi ya Wilhelm Bleek, iliyolikita neno "Bantu" katika taaluma ya lugha. Cha pili ni sehemu ya kwanza ya uchunguzi wa Vitabu Vitano vya Musa na Kitabu cha Yoshua, kazi ya John William Colenso, Askofu wa Kianglikana wa Natal. Bleek alifika Natal mwaka 1855 akifuatana na Colenso, kwa madhumuni ya kumsaidia kutengeneza sarufi ya Kizulu. Kitabu chake hutajwa hadi leo popote lugha za Kiafrika zinapofundishwa. Cha Colenso kimeachiwa wanatheolojia na wanahistoria wa Kanisa. Mgawanyo huo si wa haki. Kitabu cha pili nacho kilizaliwa mezani pa tafsiri, na kwa ushahidi wa Colenso mwenyewe aliyekianzisha ni Mzulu aliyekuwa akimsaidia kutafsiri.

Colenso alizaliwa Cornwall mwaka 1814. Alisomea hisabati Cambridge, na katika mtihani wa mwaka 1836 alitokea wa pili. Baadaye alifundisha, akaandika vitabu vya aljebra na hesabu vilivyotumika sana katika shule za Uingereza. Bila shaka wengi miongoni mwa waliokuja kumwita mzushi walikuwa na watoto waliojifunza kuzidisha na kugawanya kwa vitabu vyake. Mwaka 1853 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Natal. Alifika huko mwanzoni mwa 1854, akazunguka kwa majuma kumi, akarudi kwao kutafuta watu na fedha, na mwaka uliofuata akahamia pamoja na jamaa yake. Kituo chake, karibu na Pietermaritzburg, kiliitwa Ekukhanyeni, yaani mahali penye mwanga. Hapo, katika muda wa miaka saba, zilitoka sarufi, kamusi ya Kizulu ya mwaka 1861, vitabu vya shule na tafsiri za sehemu kubwa za Biblia. Shemasi wake mkuu katika miaka ya mwanzo alikuwa Charles Mackenzie, yule aliyewekwa askofu mwaka 1861 kuongoza Misheni ya Vyuo Vikuu kwenda Afrika ya Kati, akafa mwaka uliofuata katika bonde la mto Shire. Misheni hiyo ndiyo iliyohamia Unguja mwaka 1864, ikamleta Edward Steere kwenye Kiswahili. Historia ya tafsiri katika pwani ya Afrika ya Mashariki na ile ya Natal si ngeni kwa kila mmoja kama inavyodhaniwa.

Kazi ya wingi huo haikufanywa na mtu mmoja. Miongoni mwa waliokaa na Colenso siku baada ya siku, wakipima sentensi moja moja, alikuwamo William Ngidi. Mwaka 1859 alifuatana naye hadi kwa Mfalme Mpande wa Wazulu, na masimulizi yake ya safari hiyo, pamoja na ya vijana wawili, Magema Fuze na Ndiyane, yalipigwa chapa mwaka 1860 kwa Kizulu. Kwa hiyo si sahihi kumchukua Ngidi kuwa ni kinywa tu cha kutamka maneno ambayo askofu aliyahitaji. Alikuwa mwandishi, na maandishi yake yalitangulia yale yaliyomfanya Colenso ajulikane duniani kote.

Kabla ya kufikia swali lenyewe hapana budi kutaja jambo moja la msamiati, kwani ndilo lililolifungulia mlango. Wamisionari waliotangulia walizoea kumwita Mungu uThixo, neno lililotoka kwa Wakhoikhoi likapitia Kixhosa. Colenso, katika ziara yake ya kwanza, aliwauliza Wazulu wenyewe, akapewa majina mawili. La kwanza ni uMvelinqangi, aliyetokea mwanzo. La pili ni uNkulunkulu, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili atatambua ndani yake shina lile lile la "mkuu" likiwa limerudiwa: mkuu wa wakuu, au mkubwa wa kale kabisa. Colenso akaamini kwamba Wazulu walikwisha kumjua Mungu wa kweli kabla ya misheni, na kwamba neno lao lafaa kutumiwa. Wengi walimsifu au kumlaumu kwa ukarimu huo. Hawakuona gharama yake ya kimantiki. Jina geni halina historia kwa msikilizaji. Chochote kinachosemwa juu ya mwenye jina hilo ni lazima kipokelewe au kikataliwe kizima. Lakini mhubiri asemaye kwamba Mungu anayemhubiri ndiye yule ambaye wasikilizaji wake wanamwita kwa jina lao, amekwisha kuwapa haki ya kusema kama maneno anayotajwa kuwa ameyasema yanamfaa au hayamfai. Colenso aliitoa haki hiyo kwa hiari. Ngidi aliitumia.

Swali la kwanza lilikuwa la gharika, nalo ndilo linalosimuliwa mara nyingi. Walipokuwa wakitafsiri habari za Nuhu, msaidizi aliuliza kama yote hayo ni kweli: kwamba wanyama wote na ndege wote na watambaao wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani, na kwamba Nuhu aliwakusanyia wote chakula, pamoja na wale walao nyama. Katika kitabu chake Colenso hakumtaja kwa jina. Alimweleza tu kuwa ni mwenyeji asiye na makuu lakini mwenye akili. Wanahistoria wamekubaliana kwamba ndiye Ngidi. Colenso alijua tayari, kwa kusoma jiolojia, kwamba milima ya volkano ya Auvergne katika Ufaransa imefunikwa kwa mawe mepesi na majivu ambayo gharika ya dunia nzima ingeyazoa, nayo yako mahali pake. Alipokuwa Uingereza alikuwa na mashaka tu juu ya jambo hilo, na halikumsumbua kiasi cha kumnyima usingizi. Lilikaa upande mmoja wa moyo wake na Kitabu cha Mwanzo upande wa pili, wala haviku­onana. Mbele ya Ngidi vilikutana. Alikumbuka, asema, onyo la nabii Zekaria juu ya watu wanenao uongo kwa jina la Bwana, akaona kwamba hawezi kujibu kwamba ni kweli.

Swali la pili ni zito zaidi, na yafaa kulikalia. Katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka imo sheria juu ya bwana ampigaye mtumwa wake kwa fimbo. Mtumwa akifa papo hapo, bwana ataadhibiwa. Lakini akiishi siku moja au mbili ndipo afe, bwana hana adhabu, na sababu inayotolewa ni kwamba mtumwa huyo ni fedha yake. Neno la Kiebrania hapo ni lile lile la fedha ya kununulia na kuuzia. Colenso aeleza jinsi msaidizi wake, Mkristo mwenye akili sana, ambaye kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni yeye Ngidi, alivyoshtuka aliposikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Hakushtuka kwa sababu sheria ni kali. Sheria kali alizijua. Alishtuka kwa sababu aliambiwa kwamba anayesema ni Yule Yule mwema, Baba wa watu wote, ambaye askofu alikuwa akimfundisha kumtegemea na kumwabudu.

Maswali haya mawili si ya aina moja, ingawa vitabu vya historia huyachanganya. Swali la gharika lalinganisha maandiko na ulimwengu: wanyama ni wengi, safina ina kiasi chake, chakula ni kile kile. Mtu aweza kulijibu kwa kusema kwamba ulimwengu wa siku zile ulikuwa na hali nyingine, au kwamba ulitendeka mwujiza. Swali la mtumwa halihitaji elimu ya mawe wala ya wanyama, na mwujiza haulisaidii kitu. Lapima imani kwa imani. Askofu alifundisha, kwanza, kwamba Mungu ni Baba mwenye huruma kwa wanadamu wote pasipo kubagua. Alifundisha, pili, kwamba kila neno lililoandikwa katika Torati kuwa ni la Mungu, ni la Mungu kweli. Na tatu, hapo palikuwa na neno lililoandikwa hivyo, lenye kumhesabu mwanadamu kuwa ni fedha. Yoyote mawili kati ya hayo yaweza kushikwa pamoja. Yote matatu hayawezekani, na mtu anayedai kuyashika yote hana budi kuacha kuyatazama kwa wakati mmoja.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mgongano huo ulikuwa wazi katika Kiingereza kwa miaka mingi, na Colenso alikuwa amekwisha kuisoma sura hiyo mara nyingi kanisani na chumbani. Kwa nini uonekane Ekukhanyeni? Yasemekana kwamba mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekizoea, na maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Tafsiri ina kazi ambayo kusoma hakuna. Msomaji wa maandiko matakatifu katika lugha aliyolelewa nayo huweza kulipita neno kwa heshima. Sauti yake ya kale humtosha. Mfasiri hawezi kulipita. Ni lazima aulize ni neno gani watu hulitumia sokoni na zizini kwa kitu hicho, alichague, aliandike, kisha asikie jinsi linavyolia. Zaidi ya hayo, ni lazima mtu wa pili, mwenye lugha, akubali kwamba sentensi hiyo ni sentensi, kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kuisema akiwa na maana. Kutoka hapo hadi kuuliza kama Mungu aweza kuisema si mwendo mrefu. Katika Ekukhanyeni ukaguzi wa sarufi ukawa ukaguzi wa akida, bila ya yeyote kukusudia.

Colenso hakuandika kitabu chake chote kwa njia hiyo ya pili. Alishika silaha aliyoizoea, akaanza kuhesabu. Kitabu cha Hesabu chasema kwamba wanaume wenye umri wa miaka 20 na zaidi, wanaoweza kwenda vitani, walikuwa 603,550. Kwa kadirio lolote la haki umati mzima ulikuwa kama watu milioni 2. Kitabu hicho hicho chasema kwamba wazaliwa wa kwanza wa kiume, tangu umri wa mwezi mmoja, walikuwa 22,273. Mwanafunzi yeyote aweza kugawanya. Kwa kila mzaliwa wa kwanza mmoja wanapatikana watu wazima wa kiume 27, na wakiongezwa watoto, kila mama katika Israeli atakuwa amezaa wana wa kiume zaidi ya 40. Tena, makuhani walikuwa watatu tu, Haruni na wanawe Eleazari na Ithamari, nao waliagizwa kuila sadaka ya dhambi. Colenso alikadiria kwamba njiwa walioletwa kwa ajili ya uzazi peke yao wangefikia 264 kwa siku, yaani kila kuhani angekula njiwa 88 kila siku, jangwani, ambako njiwa hao nao hawakujulikana walikotoka.

Hesabu hizi zinachekesha, na wengi walizicheka, ila hawakukubaliana nani wa kuchekwa. Mwezi Januari mwaka 1863 Matthew Arnold alimshambulia Colenso akimlinganisha na Spinoza. Hoja yake ni kwamba kitabu hicho hakiwaelimishi walioelimika, kwa kuwa hayo wanayajua, wala hakiwajengi wasioelimika, kwa kuwa chawabomolea tu. Shutuma hiyo ina kiburi ndani yake. Yasema kwamba yako mambo ambayo wajuzi wameafikiana kuyajua kimya kimya, na kosa la askofu ni kuyasema mahali ambapo watu wa kawaida waweza kusikia. Hata hivyo Arnold aligusa kasoro ya kweli. Hesabu za njiwa hazimwathiri muumini ambaye imani yake haikusimama juu ya idadi. Colenso alizitanguliza kwa sababu hakuna awezaye kumshtaki mtu kwa uasi kwa kuwa amezidisha sawasawa. Lakini kwa kuzitanguliza alilisukuma nyuma swali la mtumwa, lililokuwa na nguvu zaidi.

Kwa wataalamu wa lugha, ubishi wa hesabu uliacha faida ya pembeni. Mwaka 1906 Flinders Petrie alipendekeza kwamba neno la Kiebrania elef, lililo ndugu wa "elfu" ya Kiswahili iliyotokana na Kiarabu, huenda katika orodha hizo halina maana ya 1,000 bali ya jamaa au kundi la hema moja. Na hapo mamia ya maelfu yangepungua yakawa umati wa watu wachache. Pendekezo hilo lina werevu, lakini halipatani vizuri na majumlisho yaliyomo katika kitabu chenyewe, ambayo yanachukulia elfu kuwa elfu. Matokeo makubwa zaidi yalionekana Leiden. Abraham Kuenen aliona kwamba hesabu zisizowezekana zimekusanyika hasa katika ule mkondo wa maandiko uliodhaniwa na wataalamu wa wakati ule kuwa ni wa kale kuliko yote na wa kuaminika kuliko yote. Akauliza kama mkondo huo si wa mwisho badala ya kuwa wa kwanza. Nadharia ya asili ya Torati iliyotawala vyuo vya Ulaya hadi karne ya 20 ilipata hapo mojawapo ya misukumo yake.

Huko London, wakati huo huo, dhihaka iliyopendwa ilikuwa moja: askofu alikwenda kuwaongoa Wazulu, na Mzulu akamwongoa askofu. Mashairi ya mzaha yalitungwa. Dhihaka hiyo haina maana isipokuwa mtu ameamini tayari kwamba kuona mgongano kati ya imani mbili ni kazi ya watu wa aina fulani tu. Dhana hiyo haikuishia katika mizaha. Mwaka 1910 Lucien Lévy-Bruhl aliipa umbo la kitaalamu alipodai kwamba fikra za jamii alizoziita za chini hazisumbuliwi na ukinzani. Aliicha dhana hiyo mwishoni mwa maisha yake, kama daftari zake zilizochapishwa mwaka 1949 zinavyoonyesha. Mzulu mmoja alikuwa amesumbuliwa sana na ukinzani nusu karne kabla yake, na jambo hilo lilikuwa limechapishwa.

Wala Wazulu hawakuyapima maneno ya wageni peke yake. Henry Callaway, aliyekuwa mmisionari katika Natal na asiyekubaliana na Colenso juu ya uNkulunkulu, alikusanya maelezo ya wenyeji kwa Kizulu chao na kuyachapisha pamoja na tafsiri kati ya mwaka 1868 na 1870. Mengi yaliandikwa kwa msaada wa Mpengula Mbanda. Callaway alishikilia kwamba uNkulunkulu si Mungu bali ni mtu wa kwanza, aliyetoka katika matete. Ndani ya maelezo hayo imo hoja inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa mantiki. Watu waliulizwa kwa nini hawamwabudu uNkulunkulu ikiwa ndiye wa kwanza. Walijibu kwamba mizimu huitwa kwa majina yake ya sifa, na majina hayo hutunzwa na nyumba ya marehemu. uNkulunkulu ni wa kale mno, nyumba yake haijulikani tena, na majina yake ya sifa yamesahauliwa. Basi hapana awezaye kumwita. Mtu aweza kuikataa imani hiyo, lakini hawezi kusema kwamba inajipinga.

Mambo yaliyofuata kwa upande wa Kanisa yanajulikana, na yaweza kupitiwa upesi. Karibu maaskofu wote wa Uingereza walimtaka Colenso ajiuzulu. Robert Gray, Askofu wa Cape Town, alimhukumu kwa uzushi mwezi Desemba mwaka 1863 na kumvua cheo. Colenso hakuhudhuria, aliyewasilisha pingamizi lake barazani ni Bleek, ambaye wakati huo alikuwa akitunza maktaba mjini Cape Town. Mwaka 1865 baraza la rufani la Malkia liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria, na mwaka 1866 Gray alimtenga na ushirika wa Kanisa. Kwa miaka mingi Natal ikawa na askofu mwenye majengo na askofu mwingine mwenye kibali. Ghasia hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth mwaka 1867.

Kinachosahauliwa ni kwamba kipimo kile hakikubaki katika Torati. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimwita Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, kwa ajili ya bunduki ambazo vijana wake hawakuziandikisha. Akakimbia, akakamatwa, akahukumiwa mwaka 1874 na kupelekwa kisiwa cha Robben. Colenso alikaa na maneno ya mashahidi kama alivyokaa na mistari ya Kitabu cha Hesabu, akiyalinganisha neno kwa neno, katika Kizulu, akisaidiwa na Wazulu waliokuwa pamoja naye, ambao Magema Fuze, mpiga chapa wake, alikuwa mmojawapo. Mjumbe wa serikali alikuwa ameshuhudia kwamba Wahlubi walimvua nguo kwa kumdharau, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa uthibitisho wa uasi. Alipoulizwa upya ilidhihirika kwamba halikutendeka hivyo. Uchunguzi huo ulimpotezea Colenso urafiki wa Theophilus Shepstone, aliyekuwa mkuu wa mambo ya wenyeji na msaidizi wake tangu siku za kwanza, na ukamfanya achukiwe na walowezi waliokuwa wamemvumilia alipokuwa mzushi wa Torati tu.

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Mwezi Machi Colenso alihubiri mjini Pietermaritzburg, Natal ikiwa bado inaomboleza watu wake, akichukua maneno ya nabii Mika juu ya yale ambayo Bwana anayataka kwa mwanadamu: haki, rehema na unyenyekevu. Akawauliza waliokuwa mbele yake ni wapi katika vita hivyo, ambavyo wao ndio walioingia katika nchi ya watu wengine, haki hiyo na rehema hiyo zilionekana. Akawaambia wasidhani kwamba Mungu waliyemwomba awape ushindi si Mungu wa wale waliokuwa ng'ambo ya mto Thukela. Jina alilolitumia kwa Mungu huyo katika ibada zake za Kizulu lilikuwa ni uNkulunkulu.